Mwaka Tulioukana Mlima

Kwenye karatasi ya mazishi ya Auntie Nduku waliandika kwamba alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani "hadi alipoitwa kwa majukumu mengine." Nilikuwa nimeketi chini ya hema pale Kikima, karatasi mkononi, na nikairudia hiyo sentensi mpaka binamu yangu Muthiani, mtoto wake, akaniuliza kama kuna jina limekosewa. Nikamwambia la, majina yako sawa. Majukumu mengine, ati! Mimi niliishi naye mwaka huo, na ninajua hakuitwa popote. Alitolewa. Na waliomtoa ndio waliokuwa mstari wa mbele wakiimba kuliko wote, leso zimekunjwa vizuri magotini, na mmoja wao aliponipa mkono alilia machozi ya kweli. Nilirudi kwangu Migwani na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kubebeshwa, nikaona heri niandike. Msomaji anisamehe nikipanda na kushuka, maana mimi jambo likinichoma siwezi kulisema polepole.

Ukoo wetu sitaueleza, nikianza hapo hatutafika. Yatosha ujue kwamba Auntie Nduku alikuwa dada mdogo wa mama yangu, na kwamba mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo, vyeti viko kwa bahasha, kazi hakuna. Serikali za kaunti zilikuwa bado changa na watu walikuwa wanajifunza wabishe mlango gani. Mama aliona kwamba kukaa bure Migwani ni kusemwa sokoni, lakini kukaa bure kwa dada yake huko milima ya Mbooni ni kusaidia kazi. Nikaenda na begi moja na mfuko wa ndengu. Nyumba ya Auntie ilikuwa ya matofali, safi, sebule ina makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na haikuwa na dari. Mtu ambaye hajaishi kwa nyumba isiyo na dari hajui siri ni mali. Kuta zinaishia juu kidogo ya kichwa, kisha ni mabati na giza, na neno likisemwa chumba hiki linapanda, linageuka, linashukia kile. Ndani ya wiki moja nilijua Auntie anaombea nani na kwa mpangilio gani. Nilijua pia kwamba bwanake, Anko Kioko, huongea kwa usingizi, na anachoongea ni habari za barabara, maana alikuwa dereva wa basi la shule mpaka macho yakamkataa. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye kupenda chai ya moto sana na kuogopa sana kusemwa na watu. Hiyo hofu yake nilidhani ni tabia tu, kama wengine wanavyoogopa mbwa.

Nyuma ya shamba, kupita avokado za Anko, ndiko kulikuwa na mlima. Kwenye makaratasi ya serikali una jina refu. Sisi tulisema Kiimani, yaani mlimani, basi. Chini ni vichaka, katikati msitu mnene wa miti ya asili, na juu kabisa kuna uwanda mdogo uliozungukwa na mimumo, ile miti mikubwa ya jamii ya mkuyu. Kijito cha watu wote wa upande wetu kilitoka huko. Ulikuwa ardhi ya umma, na hilo neno umma ndilo lilituletea vita, kwa sababu kila mtu alidhani umma ni yeye. Mheshimiwa wa wadi yetu alitaka mlima ukatwe ploti: vijana wapate mahali pa kujenga, soko lipanuliwe, barabara ipite. Wengine walitaka utengwe uwe msitu wa hifadhi, usiguswe tena na shoka la mtu. Tukawa kambi mbili, ya ploti na ya miti, na walibishana kwa posho mill, wakabishana kwa bucha, wakabishana mlangoni mwa kanisa hata kabla pasta hajamaliza kusalimiana na watu. Kambi ya miti walisema maji yatakauka. Kambi ya ploti walisema kaunti italeta mifereji. Ukiwasikiliza hawa unaona wako sawa, ukiwasikiliza wale unaona hao pia wako sawa.

Anko alikuwa wa ploti, na leo nikimkumbuka siwezi kumlaumu. Muthiani alikuwa anaendesha bodaboda pale sokoni, alikuwa na msichana, na shamba lao lilikuwa dogo na limeinama hivi kwamba ukiangusha boga linafika kwa jirani. Jioni moja tukila muthokoi, mahindi ya kutwanga na maharagwe, Anko aliweka kijiko chini, akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimesoma: "Utaenda kwa baba ya msichana umwambie kijana ana nini? Ana hewa safi?" Tukacheka sote. Muthiani naye alicheka, lakini alikuwa anamtazama mama yake, maana Auntie peke yake katika tarafa nzima hakuwa na kambi. Akiulizwa alisema Mungu anajua. Halafu aliamka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nilienda Kiimani mara ya kwanza na akina mama wa umoja, siku ya kufunga na kuomba. Hiyo ilikuwa desturi yao: siku ya maombi walipanda mpaka ule uwanda wa juu, wakaomba mpaka jua likageuka, na wakishuka walikata kuni za kupeleka nyumbani, maana mtu hafungi kula halafu arudi mikono mitupu. Kwa hivyo kila mmoja alibeba Biblia, kamba na panga. Tulipofika katikati ya mlima kuna jiwe pana lililolala kando ya njia, mahali wanapaita Iviani, yaani kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nimetangulia, nikapita. Nyuma yangu wimbo ukakatika. Nikageuka nikaona wamesimama wote wananitazama, na Auntie akaja haraka kwa namna sijawahi kumwona akitembea, akanishika mkono, akaninyang'anya panga, akaliweka juu ya lile jiwe pamoja na mapanga ya wenzake. Nikauliza kwa nini. Mama mmoja akasema, "Si huwa tunaacha hapa." Mwingine akasema ni mazoea tu, mapanga yatatuchosha bure kuyabeba. Wimbo ukaanza tena mahali ulipokatika. Tuliposhuka tulichukua mapanga, na kuni zikakatwa chini ya jiwe, hakuna aliyekata juu yake hata kijiti cha kuchokoa meno. Niliona ni mambo ya wazee kuogopa kuteleza, nikasahau.

Kisha akaja Halima. Alikuwa afisa kijana kutoka ofisi ya kaunti, mzaliwa wa upande wa Garissa, aliyetumwa kuzunguka vijijini kabla kamati ya bunge la kaunti haijaja kuchukua maoni ya wananchi. Kwa sababu Anko alikuwa mzee wa kanisa mwenye sebule nzuri, chakula cha mchana kikawa kwetu. Siku hiyo Auntie alihangaika sana. Kuku alikuwa tayari kafungwa miguu, ndipo akakumbuka mgeni ni Mwislamu, na Anko akatumwa mbio mpaka dukani kwa Mwislamu wa pale sokoni amwombe aje achinje. Yule mwenye duka akaja na kisu chake, akachinja vizuri, akakataa hata chai. Halima alipoambiwa alicheka, akasema, "Mama, mngenipa hata ndengu ningeshukuru," na kwa hilo tu sote tulimpenda. Akala. Alikuwa anakula vizuri, anasifu mchuzi, halafu katikati ya kula, bila kujua anakanyaga nini, akauliza kama kule juu mlimani kuna mahali pa matambiko ya jamii. Huko alikozunguka, alisema, milima mingi ina mahali kama hapo.

Vijiko vilisimama. Nilisikia kuku wa nje wakikwaruza. Anko akafuta mdomo kwa kitambaa cha kochi, jambo ambalo angenigombeza mimi nikilifanya, akasema, "Hapana, madam. Hapa sisi ni watu wa kanisa." Halima akageuka kwa Auntie, kwa adabu tu, kama mtu anayetaka kila mtu apate nafasi. Auntie alikuwa anatazama sahani yake. Akasema, "Ongeza mchuzi." Basi yakaisha hapo, wakarudi kwa mambo ya barabara. Lakini nilipokuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba Halima alinifuata, akashika kitambaa akaanza kupangusa sahani, na akaniambia jambo ambalo lilinikosesha raha mwaka mzima. Alisema kamati inaegemea ploti. Alisema maji peke yake hayatatosha kuuokoa huo mlima, maana mheshimiwa anausema ni pori la bure, halina mwenyewe, halina matumizi. "Lakini kama ni mahali patakatifu pa jamii, na wenyewe waseme hivyo mbele ya kamati, hakuna mtu anaweza kugawa," alisema. "Shida ni mimi siwezi kuandika kitu hakuna mtu amesema." Kisha akaniuliza kama ningekubali kumtafsiria siku ya kikao, Kikamba kwa Kiswahili, kwa sababu hataki kutegemea watu wa mheshimiwa. Nilikuwa natafuta kazi, nikakubali kabla hajamaliza.

Usiku huo nililala vibaya, na asubuhi tulikuwa jikoni, Auntie akitwanga mahindi ya muthokoi, mimi nikipepeta. Nikamuuliza moja kwa moja. Mimi sijui kuzunguka. Alitwanga kidogo, akatwanga kidogo tena, halafu akasema bila kuinua kichwa: "Susu wako alikuwa mtu wa ithembo." Susu ni nyanya, mama yake yeye na mama yangu, ambaye mimi sikumwona. Ithembo ni mahali pa kutolea sadaka, pale pa wazee wa zamani, na pale palikuwa juu, kwa mimumo. Auntie akiwa msichana mdogo ndiye alikuwa akitembea nyuma ya mama yake na kibuyu cha maziwa. Mlima wote juu ya Iviani ulikuwa hauingizwi chuma: panga, shoka, kisu, hata sindano ya kushonea kiondo iliachwa pale kwenye jiwe. Nilishika ungo hewani. Nikamwambia lakini nyinyi akina mama wa kanisa mnaacha panga hapo hapo mpaka leo. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nyamaza, Mumbua," akasema. Kumbe kila mtu alijua. Kila mwanamke aliyepita umri wa Auntie alijua, na Anko alijua alipomwoa, na pasta alikuwa ameambiwa, na hakuna mtu aliyewahi kulitaja, kwa sababu sote tumeokoka, na aliyeokoka hasemi alitoka wapi, anasema tu ametoka gizani. Hapo ndipo nilielewa hofu ya Anko. Haikuwa tabia.

Leo mimi pia ni mama wa kanisa, kwa hivyo nayaelewa mambo ambayo wakati ule yalinikasirisha tu. Kanisa kwa Auntie halikuwa mahali pa Jumapili. Lilikuwa ndilo lililomzika mtoto wake wa kwanza, lililomlimia shamba alipovunjika mguu, lililompa kiti na sauti mbele ya watu, yeye aliyeacha shule mapema kulea wadogo zake. Akisema, angeyapoteza hayo yote, na pengine amani ya nyumba yake pia. Asiposema, mlima ungekatwa mpaka ile mimumo ya juu, na yeye angekuwa ameuangalia ukikatwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya kamati ya wazee wa kanisa. Mimi nilimtakia nini? Wiki hii nilitaka aseme, wiki ijayo nilitaka anyamaze. Nilipika chai nikasahau majani.

Pasta alikuja wiki moja kabla ya kikao. Nilikuwa chumbani kwangu nakunja nguo, nao wako sebuleni, na Anko akawasha redio, kwa hivyo nikajua ni jambo zito na nikakaa kitandani nisikilize vizuri. Pasta hakuwa mtu mbaya, hilo naliandika kwa kuwa wengine watanisoma vibaya. Alizungumza kwa upole. Alisema wazee wamekubaliana kanisa liwe na neno moja: hatujui habari za ithembo, hatujawahi kuzisikia. Alisema wakikiri, makanisa ya Kasikeu na kwingine yatasema watu wa Mbooni wanaomba mchana kwa Yesu na jioni kwa miti. Auntie alimuuliza, "Na mlima, Pasta?" Akajibu kwamba Mungu ana milima mingi. Kisha kukawa na sauti ya vikombe, na Anko akasema kwa sauti ya kumsihi, sijui alikuwa anamsihi nani, kwamba Mama Muthiani ni mtu wa heshima na hatawaaibisha.  Auntie aliuliza kama chai iongezwe.

Siku zilizofuata mimi ndiye nilikuwa mgonjwa.  Kila nikimsikia Auntie akiomba asubuhi upande wa pili wa ukuta nilitegea kama atataja mlima, na hakuutaja. Alimtaja Muthiani na msichana wake, akamtaja bwanake na macho yake, akanitaja mimi nipate kazi. Muthiani alinipeleka sokoni kwa pikipiki siku moja, na tulipofika akaniambia hajui ni nini mama yake anaficha, lakini ameshaenda na sevea wa kupima ardhi kuonyeshwa ploti yake, iko karibu na kijito, na anaomba mtu asimharibie. Nilimwambia mimi natafsiri tu. Akasema, "Basi tafsiri vizuri." Hakuwa anatisha, alikuwa anaogopa, lakini maneno ni yale yale.

Kikao kilifanywa kwa uwanja wa shule ya msingi, hema mbili, spika mbili, watu wengi mpaka wengine wako juu ya ukuta. Mheshimiwa alizungumza vizuri sana, hata mimi nilikaribia kupiga makofi. Aliwataka vijana wasimame, wakasimama, akauliza kamati kama hawa watakula majani. Mwalimu mmoja mstaafu akatetea maji, wakamzomea kidogo. Akina mama walikuwa wameketi pamoja kwa nyasi na vyondo vyao, wanasuka huku wanasikiliza, kama Mkamba yeyote anavyofanya kwa mkutano mrefu. Halafu Halima akasoma swali lake: kuna matumizi yoyote ya kimila ya mlima huo? Pasta akasimama na kusema kwa niaba ya kanisa kwamba hakuna, na hawajawahi kuyasikia. Nikatafsiri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilihesabu vichwa vyote hivyo kuwa uongo mmoja, na mwenyekiti wa kamati akaanza kukusanya karatasi zake. Nilijua imeisha. Nilihisi nafuu, kusema kweli, na papo hapo nikajionea haya.

Auntie akainua mkono. Alisimama polepole, kiondo chake akakiacha chini, akapewa kipaza sauti na hakukielekeza kwa kamati. Aliwageukia wenzake waliokuwa kwa nyasi, na akawauliza kwa Kikamba, kwa ile sauti yake ya kuongoza maombi: "Akina mama, tukienda kuomba kule juu, panga tunaacha wapi?"

Wakajibu wote pamoja, kama wanavyomwitikia kila siku ya umoja, kabla akili hazijawafikia: "Iviani."

Mikono iliyokuwa inasuka ikasimama. Ungewaona nyuso! Auntie akangoja kidogo, akawauliza ni nani aliwafundisha kuacha hapo, na safari hii hakuna aliyejibu. Ndipo akageukia kamati. "Mimi nilifundishwa na mama yangu," alisema. "Alikuwa wa ithembo, na ithembo iko pale juu kwa mimumo, na mpaka wake ni hilo jiwe. Hakuna chuma kimepita hapo, si kwa wazee wetu, si kwa sisi tumeokoka. Mniandikie hivyo." Nilitafsiri kila neno. Sauti yangu ilitoka kwa spika, na nikiwa natafsiri nilimwona Anko kwenye viti vya wazee akivua kofia, akiitazama ndani. Mheshimiwa alijaribu kucheka. Kisha ajuza mmoja kule kwa nyasi akasema bila kusimama, na bila kuombwa, "Mimi pia, ni mama yangu alinifundisha." Mwingine akasema ni nyanya yake. Halima alikuwa anaandika mpaka kalamu inasikika.

Jumapili ya tatu kutoka hapo walisoma kanisani kwamba Mama Muthiani amewekwa chini ya nidhamu, hatashiriki meza ya Bwana wala kuongoza umoja mpaka atubu. Wale waliojibu Iviani hawakuguswa hata mmoja, kwa sababu kosa, nadhani, lilikuwa kuuliza. Walitaka asimame aseme alikuwa amechanganyikiwa. Akakataa, akasema hawezi kutubu jambo la kweli, akahamia kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye watoto wanaolia, na akawa anawahi kila Jumapili. Anko alikuwa kwenye kikao cha wazee kilichoamua. Sijui alisema nini huko. Ninajua alirudi na hakumsemesha mke wake. Aliniambia mimi: mwambie auntie yako nimerudi, mwambie auntie yako chai imepoa, naye ameketi hapo hapo anamsikia. Muthiani alihama akapanga chumba sokoni. Ile nyumba ambayo neno halikuweza kujificha ndani yake ikawa haina neno.

Uamuzi ulikuja Desemba. Mlima ukatengwa, hakuna ploti, hakuna barabara. Muthiani alipoteza ile ya kando ya kijito, ingawa msichana aliolewa naye hata hivyo, hakuwa anaolewa na ploti. Lakini wenye kuhifadhi nao wana mambo yao. Waliuzungushia seng'enge chini kabisa, mbali kabla ya kufika Iviani, wakaweka lango na askari, na tangazo kwamba hakuna kuingia, hakuna kuni, hakuna mikutano ya aina yoyote. Nilienda na Auntie kuona. Askari alikuwa kijana wa pale pale, alimsalimia kwa heshima, akamwambia pole mama, amri ni amri. Tuliporudi nililia kwa hasira njia nzima. Nilimwambia wamekunyang'anya kanisa, sasa wamekunyang'anya na mlima, na hata asante hakuna. Auntie alikuwa anatembea mbele yangu, fimbo mkononi. Akasema, "Mumbua, mimi sikuutetea ndio niingie. Niliutetea usikatwe." Tukafika nyumbani tukawapa kuku maji.

Nilikuwa nimepata kazi Kitui na nilikuwa naondoka kesho yake. Mvua ya Oktoba haikuwa imekuja Oktoba wala Novemba, mahindi tuliyopanda yalikuwa hayajaota, na kanisa lilikuwa limefunga na kuomba kwa wiki nzima, Auntie akiombea pale nyuma karibu na mlango. Tulikula mapema, mbaazi na chapati alizonipikia za kuniaga. Nikaingia chumbani kufunga begi. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Anko akivuta kiti, akakohoa.

"Mama Muthiani," akasema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu kile kikao cha wazee.

"Eeh?"

"Mama yako. Kule juu. Alikuwa anaomba nini?"

 Nami nilikuwa nimeshika zipu ya begi, naogopa hata kuivuta.

"Mvua," akasema.

"Mvua tu?"

"Mvua. Na watoto wasiwe wagonjwa."

Kiti kikalia. Mabati yalikuwa yanapoa, yanalialia kama kawaida yake jioni.

"Na ilikuwa inakuja?"

"Mara ingine."

Anko akavuta pumzi. "Hata maombi yetu," akasema, "huwa ni mara ingine."